Mshindi wa Saba

2 Machi

Leo nimeitwa ofisi ya utamaduni ya mkoa, nikaenda na viatu vya kisigino, maana nilishajua wananiitia nini. Shindano la Mrembo wa Mkoa linafanyika mara ya thelathini mwaka huu, na afisa utamaduni anataka kijitabu cha historia: washindi wote, mmoja mmoja, walikuwa nani na sasa wako wapi.

"Wewe unajua kuchapa," aliniambia. "Halafu wewe mwenyewe ni historia."

Sijui kama hiyo ni sifa. Nina miaka arobaini na tatu. Mimi ni karani wa shule ya sekondari, mke wa fundi bomba, mama wa binti mmoja, na Mshindi wa Saba. Nikijitambulisha kwa watu huanza na hilo la mwisho.

Nimekubali kabla hajamaliza sentensi. Daftari hili nimelianza ili nisisahau nani kaniambia nini. Kijitabu kitatoka tarehe 23 Mei, siku yenyewe ya shindano.

3 Machi

Mvua ya kwanza. Bati linavuja juu ya kabati la vyombo. Mume wangu, anayeziba mabomba ya mji mzima, ameweka ndoo.

8 Machi

Chakula cha mchana kwa wifi. Kila nikiingia pale ni hadithi ileile. "Miss wetu kaja! Mfutieni kiti, asije akachafuka." Watoto wake wakacheka, mume wangu akacheka, na mimi nikatabasamu kama mtu anayemeza kidonge bila maji.

Wifi ni mdogo wake mume wangu. Ana duka la vifaa vya ujenzi, ana mikono ya kubeba saruji na sauti ya kuiuza. Mwaka ule tulishindana naye. Mimi nikawa wa kwanza, yeye wa pili. Baada ya matokeo kaka yake alikuja nyuma ya jukwaa kumtazama huyo msichana aliyemshinda dada yake, akanikuta nimekaa chini, kamba ya kiatu imekatika. Akaifunga kwa kipande cha waya. Zawadi ya mwaka ule ilikuwa godoro la futi sita, na mwaka uliofuata tukawa tunalilalia wote wawili.

Tangu hapo wifi ana wivu. Simlaumu. Ningekuwa yeye, ningekuwa na wivu pia.

14 Machi

Nimempata Mshindi wa Kwanza. Ni mkunga, nywele zimeshaingia mvi, na alinihoji yeye kuliko nilivyomhoji mimi.

"Mwaka ule tulikuwa watatu," alisema. "Mmoja aliugua surua, mwingine baba yake alikuja kumtoa jukwaani. Nikabaki mimi. Andika kwamba ushindani ulikuwa mkali."

Taji lake lilikatwa kwenye kopo la biskuti. Bado analo. Anawekea pini za nywele.

20 Machi

Mshindi wa Kumi na Mbili anaendesha greda la barabara. Nimemhoji yeye akiwa juu kwenye kiti, mimi chini nimezama kwenye tope hadi vifundoni. Jukwaani walimuuliza ana ndoto gani maishani, akajibu kuendesha greda. Ukumbi ukavunjika mbavu. Majaji wakadhani ni msichana mwenye mzaha wa akili, wakammwagia alama.

"Haukuwa mzaha," alinipigia kelele kutoka juu, akawasha mtambo.

29 Machi

Mshindi wa Kumi na Tisa hakutaka kuongea. "Andika mwaka tu," alisema mlangoni, akafunga. Nilipofika getini mvua ikaanza. Dirisha likafunguka, mkono ukatoka na mwavuli. "Usiurudishe," akasema, akafunga tena.

4 Aprili

Binti yetu yuko nyumbani likizo kutoka chuo cha uuguzi. Amesoma rasimu.

"Mama, Mshindi wa Kwanza ana nusu ukurasa."

"Ndiyo."

"Wewe una nne."

Nimezipunguza hadi tatu.

9 Aprili

Sijui nianzie wapi, basi nianze na mvua. Paa la stoo ya ofisi ya utamaduni limetoboka, na afisa amenipigia simu niende kuokoa mafaili ya shindano kabla hayajawa uji. Nimekwenda baada ya kazi. Nilijiambia, nikiwa huko, nitatafuta alama zangu niziweke kwenye zile kurasa zangu, ili watu waone nilivyoshinda.

Faili la shindano la saba lilikuwa chini kabisa, limelowa pembeni. Ndani kulikuwa na orodha ya washiriki kumi na wawili na karatasi ya alama kwa mwandiko wa Mwalimu Rula. Rula ni mwenyekiti wa kamati tangu shindano la kwanza, na ni mwalimu wa hesabu aliyewafundisha nusu ya watu wazima wa mji huu. Jina la Rula walimpa wanafunzi, kwa sababu ya mgongo wake ulionyooka na ile rula aliyokuwa akiwachapia viganjani. Tarakimu zake zimejipanga kama askari. Majaji walikuwa watano. Mimi: 56, 57, 55, 57, 56. Jumla 281. Wifi: 57, 59, 58, 56, 57. Jumla 277.

Nikaitazama kwa raha. Kisha nikaitazama tena. Jaji wa nne peke yake ndiye aliyenipa zaidi ya wifi. Mtu aliyeshindwa kwa majaji wanne kati ya watano anakuwaje mshindi?

Nikajumlisha kwa penseli ukingoni mwa gazeti. Nikapata 287. Nikasema nimekosea. Nikajumlisha kuanzia chini kwenda juu. 287. Nikajumlisha kwa simu.

Mwalimu Rula alipoteza kumi. Hakuna hila, hakuna mjomba wa mtu aliyepita mlango wa nyuma. Kumi tu imeanguka njiani. Wifi alinishinda kwa alama sita.

Nimeikunja karatasi nikaitia kwenye sidiria, nikatoka. Hata mwavuli nimeusahau kule.

10 Aprili

Mvua.

11 Aprili

Mvua. Binti kaniuliza mbona sichapi. Nimemwambia wino umekwisha.

13 Aprili

Nimejumlisha tena, huenda nilikosea. 287.

15 Aprili

Wifi kaleta mabati mawili mapya kwenye toroli, mwenyewe, amevaa mabuti. "Kaka yangu hataliziba hilo paa mpaka mfuge samaki humo ndani," alisema, akapanda ngazi na kuanza kugongomea. Mimi nilikuwa chini nimeshika ngazi, na ile karatasi iko chumbani chini ya godoro.

Miaka ishirini na tatu nimesema mwanamke huyu ana wivu. Leo nimekaa nikatafuta tendo moja la wivu alilowahi kunifanyia, nikakuta ni utani tu. Mabati amenipa. Nilipojifungua, alilala sakafuni kwangu wiki mbili. Mtu akiniita Miss bila yeye kuwepo, nafurahi. Akiniita yeye, naona sumu.

17 Aprili

Nimemwonyesha afisa utamaduni. Aliisoma, akafunga mlango.

"Nani ataijumlisha hii tena, mama? Iweke ulipoikuta. Mwaka wa thelathini huu, mgeni rasmi anakuja. Usitutie aibu."

Nitasema kweli, maana daftari hili ni langu: nilifarijika. Nilitembea kurudi nyumbani nikiwa mwepesi, hadi nilipopita mbele ya duka la wifi na yeye akanipungia mkono kwa koleo.

19 Aprili

Nimemwambia mume wangu. Alikuwa amelala chali chini ya sinki la jikoni, miguu tu ndiyo iliyokuwa nje, na nilichagua wakati huo kwa makusudi ili nisiuone uso wake. Nikamsomea alama zote. Miguu ikaanza kutikisika. Alikuwa anacheka. Alicheka akagonga kichwa kwenye bomba, akatoka machozi yakimtoka.

"Kwa hiyo siku ile nilikuja nyuma ya jukwaa kumtazama mwizi."

"Ningekuwa wa pili, ungekuja?"

Akafikiri. Huyu mwanamume hajui kusema uongo wa kupendeza, na ndiyo sababu mabomba yake hayavuji. "Ningekuwa nimembeba dada begani, tunakwenda zetu nyumbani. Nisingekuona hata kisogo."

Tukatazamana. Kisha kicheko kikamwisha. Akapangusa mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Dada anajua?"

"Bado."

"Basi nenda mama watoto. Mwambie wewe mwenyewe. Nikimwambia mimi ataona umenituma."

20 Aprili

Nimekwenda saa kumi, nikitoka shule. Wifi alikuwa anapima misumari kwa mteja. Nikasubiri mteja atoke. Akaingia mwingine, akatoka. Nikampa karatasi.

Aliisoma kwa muda. Akavuta kikokotoo kutoka kwenye droo. Akajumlisha. Akafuta. Akajumlisha. Mara tatu. Nilikuwa nasubiri ile sauti ya kuuza saruji, nimekaza mabega kabisa. Haikuja.

"Kumi," alisema polepole. "Kumi tu."

Mtu akachungulia akitaka bawaba za mlango. Wifi akamwambia aje kesho. Sijawahi kumsikia akimwambia mteja aje kesho.

"Unajua Mama aliniambia nini siku ile?"

"Mama mkwe hakuwahi kulitaja shindano mbele yangu."

"Mbele yako hapana. Mimi aliniambia, mwanangu, ungetabasamu kidogo tu, ungeshinda. Hakusema kwa ubaya, Mama hakuwa na ubaya. Lakini akaendelea kulisema. Nikikosa kazi, ungetabasamu kidogo. Nilipoachika, ungetabasamu kidogo. Mpaka yuko kitandani hospitali ananishika mkono, bado ananiombea nijue kutabasamu." Akaiweka karatasi juu ya mizani, sijui kwa nini. "Kumbe sura yangu haikuwa na kosa lolote. Mzee wa watu alikosea kujumlisha."

"Wifi, nisamehe."

"Kwani wewe ndiye uliyejumlisha?"

"Sikujumlisha. Lakini nimekaa nayo siku kumi na moja."

"Eheee," alisema. "Basi hiyo ndiyo ya kuombea msamaha." Akaanza kushusha mlango wa duka. "Nenda nyumbani. Sikufukuzi. Nenda tu."

22 Aprili

Duka limefungwa. Mvua.

24 Aprili

Limefungwa. Mji mzima hauna misumari. Mume wangu alikwenda kwake na kurudi. Anasema dada kamkaribisha chai, wakaongea habari za bei ya mabomba.

27 Aprili

Asubuhi, kabla sijapiga mswaki, mlango ukagongwa. Wifi, mabuti, koti la mvua, na kikaratasi mkononi chenye orodha, kama mtu aliyekuja kuagiza mbao.

"Kwanza," alisema akiwa bado mlangoni, "godoro sitaki."

Mume wangu akaangua kicheko huko chumbani. Nilikuwa sijui ni kwa kiasi gani niliogopa kumkosa.

"Pili, nataka taji, na wewe ndiye univalishe. Tatu, nataka kupita jukwaani, mwanzo mpaka mwisho, ukumbi umejaa. Nne, Rula asimame mbele za watu ajumlishe kwa sauti. Sitaki samahani yake. Nataka hesabu."

"Na mimi?" nilimuuliza. "Kutoka kwangu unataka nini kwa zile siku kumi na moja?"

Akageuza karatasi, kama anayetafuta. "Hizo nitakutania mpaka nife," alisema, akaingia kunywa chai.

29 Aprili

Kwa Mwalimu Rula. Ana miaka themanini na mmoja, sebule yake imejaa madaftari ya wanafunzi ambao sasa wana wajukuu. Alinikaribisha kwa furaha: "Mshindi wangu wa Saba!" Ningependa kusahau furaha ile.

Aliposikia, akakataa. "Haiwezekani, binti. Mimi sikosei kujumlisha." Akavaa miwani, akachukua penseli, akaanza kwa sauti kama yuko darasani. "Saba na tisa, kumi na sita. Na nane, ishirini na nne. Na sita, thelathini. Na saba, thelathini na saba. Andika saba, peleka tatu..." Penseli ikasimama.

"Nilipeleka mbili," alisema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Nimewachapa watoto wa watu miaka thelathini na minane kwa kosa hili hili." Akavua miwani. Alionekana mdogo, kama koti lake limeongezeka saizi. "Watanicheka."

Ningeweza kumwambia hawatamcheka. "Watakucheka, Mwalimu. Na mimi watanicheka. Tutakuwa wawili."

Akaikunja miwani na kuikunjua. Kisha akauliza, "Pale ukumbini kuna ubao?"

4 Mei

Afisa utamaduni kawaka. Kaniambia nimeuvua mkoa nguo. Nimemwambia rasimu pekee ya kijitabu iko nyumbani kwangu, na itatoka ikiwa na jumla iliyo sahihi, au aandike yeye historia hiyo kwa siku kumi na tisa zilizobaki. Kaniuliza jinsi ya kuandika jina la mshindi wa kumi na tatu. Nikaona tumeelewana.

9 Mei

Mazoezi ya kutembea, dukani, kati ya mifuko ya saruji na mabunda ya waya. Mimi ndiye mwalimu.

"Wifi, unatembea kama unakwenda kugombana na mtu."

"Ndivyo ninavyotembea."

"Siku ile pia ulitembea hivi?"

"Hivihivi."

Majaji wanne walimpa zaidi yangu akiwa anatembea hivyo. Nimeacha kumrekebisha. Viatu vya kisigino kavikataa.

13 Mei

Jua siku nzima! Nimeanika magodoro, likiwemo lile.

16 Mei

Nimemaliza ukurasa wangu. Ni robo. "Mshindi wa pili, shindano la saba. Alivaa taji miaka ishirini na tatu kwa kosa la hesabu. Aliligundua mwenyewe, akachelewa kusema." Binti kausoma, kaniangalia, kaondoka bila utani. Baadaye nimekuta kanioshea vyombo.

23 Mei

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Habari ilishavuja, mjini hapa hakuna bomba la habari lisilovuja, hata mume wangu haliwezi.

Mwalimu Rula alipanda ngazi mwenyewe, akakataa mkono wa afisa. Ubao ulikuwa tayari. Aliandika tarakimu tano kwa chaki, akageuka. "Nani hapa hakufundishwa na mimi?" Mikono michache. "Basi jumlisheni." Na watu wazima, mafundi, wauguzi, dereva wa greda, wakaanza kwa pamoja kama kidato cha kwanza: "Saba na tisa, kumi na sita!" Walipofika thelathini na saba akawauliza, "Andika saba, peleka ngapi?" Ukumbi ukanguruma: "Tatu!"

"Mimi nilipeleka mbili," alisema Mwalimu Rula. Akanyoosha kiganja mbele yetu sote, kama mwanafunzi anayengoja kuchapwa.

Walicheka. Walicheka sana, naye akavumilia, kiganja kikiwa palepale. Kisha mtu mmoja akasimama, na mwingine, hadi kicheko kikageuka makofi, na mzee akalazimika kutoa leso.

Ndipo wifi akaingia. Gauni la buluu, viatu bapa, uso mkavu kama siku zote. Alipita jukwaani kama anakwenda kugombana na ukuta wa mwisho. Hakuharakisha. Hakutabasamu kwa mtu yeyote. Nimeishi naye miaka yote hii na leo ndipo nilipomwona: ni mzuri kupita kiasi. Sikuwahi kumtazama bila kujilinganisha naye.

Taji nililishika kwa mikono miwili. Nililipangusa vumbi kila Jumamosi tangu nikiwa na miaka ishirini, na nakiri vidole havikutaka kuliachia. Nikamvalisha.

"Linabana," alininong'oneza.

"Siku zote linabana," nikamwambia.

Shindano lenyewe lilifuata, wasichana kumi na wanne, na mshindi wa thelathini ni mwanafunzi mrefu anayesema kwa haraka mno. Waliomjumlishia walikuwa watatu, kila mmoja na kikokotoo chake.

Mwishoni mpiga picha aliwapanga washindi wote waliofika, ishirini na sita, safu mbili mbele ya ukumbi. Miguu yangu ikaenda yenyewe. Nikasimama karibu na mkunga, mahali pangu pa kawaida. Mpiga picha akasoma orodha yake, akanitazama, akakohoa.

"Samahani, mama..."

"Ndiyo, ndiyo," nilisema, nikatoka. Wifi akaniita kwa nguvu nirudi, nikamtikisia kichwa. Picha ni ya washindi. Lakini mikoba ilikuwa inaharibu safu, na mtu fulani akaniomba nimshikie wake, na mwingine wake, hadi nikawa na mikoba mikononi, mabegani na shingoni, nimesimama nyuma ya mpiga picha kama kigingi cha kutundikia nguo. Kutoka pale niliwaona wote kwa mara moja. Hata wa Kumi na Tisa alikuja, amesimama pembeni kabisa, tayari kukimbia.

Mkoba wa wifi ulinikata bega. Alipokuja kuuchukua nikamuuliza kabeba nini. Akaufungua. Nyundo, na pakiti ya misumari ya inchi tatu.

Kumbe alifika ukumbini saa moja asubuhi, kabla ya mtu yeyote, akapanda jukwaani peke yake akagongomea kila ubao uliolegea.

"Ulikuwa na viatu bapa," nilimwambia. "Ungeanguka wapi wewe?"

"Si mimi," alisema wifi, akautupia mkoba begani. "Vile vitoto vinavaa visigino virefu hivi."